Mbwa hali chakula, ana homa, anatoka damu puani: jinsi ya kutafuta chanzo unaposhuku kupe au viroboto

Dawa inayotibu ugonjwa mkubwa wa kupe kwa mbwa ni vidonge vya bei nafuu, na duka la dawa la mjini halivikosi. Bado mbwa wanakufa. Ama mwenyewe alichelewa, ama mtibabu alikisia bila kupima damu, ama dozi ilikatishwa mbwa alipoanza kuchangamka. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unazoziona nyumbani, kisha unafuata njia hadi kwenye chanzo, kwa mazingira ya Afrika Mashariki.

Huku kwetu mshukiwa wa kwanza ni bakteria aitwaye Ehrlichia canis, anayebebwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Hapa tutamwita erlikia. Alielezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935, na wakati wa vita vya Vietnam aliua mbwa wa jeshi la Marekani kwa mamia, hasa German Shepherd. Kwenye vitabu vya tiba ya mifugo ugonjwa wake umewahi kuitwa hata ugonjwa wa Nairobi wa kutoka damu. Kwa hiyo ni ugonjwa wa nyumbani kabisa, na anayefuga German Shepherd awe macho zaidi, maana jamii hiyo huumia vibaya.

Jambo moja lishike kabla ya mengine: usipomwona kupe, usimfute kwenye orodha. Dalili huanza siku 8 hadi 20 baada ya mbwa kuumwa, na hatua ya mwisho ya ugonjwa huweza kuja baada ya miezi au hata miaka. Kupe aliyeleta balaa alishashiba, akaanguka, akajificha ukutani. Mwenye mbwa akisema, "Dokta, huyu hana kupe, nilimwogesha wiki iliyopita," anasema kweli, lakini kuoga kwa wiki iliyopita hakuwezi kufuta kuumwa kwa wiki tatu zilizopita.

Kagua kwanza, kisha piga simu

Pima joto. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta ya mgando, kiingize sentimita mbili hivi kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa ni karibu 38 hadi 39.2. Akiwa amepumzika kivulini na bado anavuka 39.5, ana homa. Pua kavu na masikio ya moto havipimi chochote.

Inua mdomo utazame fizi. Bonyeza ufizi kwa kidole hadi pageuke peupe, kisha achia. Rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Waridi ni salama. Nyeupe maana yake damu imepungua. Njano maana yake chembe nyekundu zinavunjwa au ini lina shida. Mbwa mwenye fizi nyeusi, shusha kope la chini la jicho utazame ndani yake.

Mlaze chali uangalie tumbo, mapaja kwa ndani, na ndani ya masikio. Unatafuta vidoadoa vyekundu au vya zambarau, vidogo kama ncha ya sindano. Ukiviona, chukua glasi safi ya kunywea maji uikandamize juu yake huku ukitazama kupitia kioo. Kidoa cha kuumwa na kiroboto au cha joto hufifia. Kidoa kisichofifia ni damu iliyovuja chini ya ngozi, na mbwa huyo anatakiwa kwa daktari leo.

Mwisho, kinga mkojo kwenye chombo cheupe uone rangi. Wakati huohuo pekua kupe mahali wanapopenda: kati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, chini ya mkia. Kwa viroboto, chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia, kisha dondosha zile chembe nyeusi kwenye karatasi nyeupe iliyoloa. Zikitoa duara la wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa. Zikibaki nyeusi, ni vumbi tu.

Ana homa, hali chakula, amenyong'onyea, tezi zimevimba

Hii ndiyo sura ya kwanza ya erlikia. Papasa chini ya taya na nyuma ya magoti. Tezi zilizovimba utazikuta kama kokwa chini ya ngozi. Wengine hutoka tongotongo, hupungua uzito, hupumua haraka. Bakteria wamekaa ndani ya chembe nyeupe za damu, na mwili unapigana nao kwa namna inayoharibu chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Hatari ya hatua hii ni kwamba huweza kuondoka yenyewe baada ya wiki mbili hadi nne. Mbwa anaanza kula, anabweka wapita njia, mwenyewe anamshukuru Mungu. Bakteria wamebaki mwilini. Kuna mbwa watakaowashinda kabisa, na kuna watakaoingia hatua sugu ambayo dawa huenda isiwaokoe. Kwa hiyo homa iliyoisha yenyewe kwa mbwa wa eneo lenye kupe bado inastahili kupimwa damu.

Mwombe daktari picha kamili ya damu, na namba ya kwanza kuitazama ni chembe sahani. Mbwa mzima huwa na takriban 200,000 hadi 500,000 kwa kila mikrolita. Zikishuka chini ya 100,000 huku mbwa ana homa, erlikia inapanda juu ya orodha, na madaktari wengi huanza dawa papo hapo bila kungoja vipimo vingine. Naona wako sahihi. Angalizo moja: chembe sahani zikishikamana ndani ya kichupa, mashine huhesabu pungufu, hivyo namba ya chini ihakikiwe kwa kutazama tone la damu kwenye hadubini.

Kwenye hadubini hiyohiyo daktari atatafuta pia babesia na tripanosoma, vijidudu vingine vya damu. Huyu wa pili huletwa na mbung'o, kwa hiyo mwambie kama mbwa amekwenda karibu na hifadhi au pori lenye mbung'o. Kwa mtoto wa mbwa ambaye hajachanjwa, homa yenye makamasi mazito na kuhara inamwelekeza daktari kwenye distempa, ugonjwa wa virusi, kabla ya kupe.

Mkojo wa rangi ya chai ya rangi, fizi njano au nyeupe

Huyu mpeleke sasa hivi, hata kama ni usiku. Babesia ndiye mshukiwa. Huyo si bakteria, ni kijidudu kinachoingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, lakini nimemweka hapa kwa sababu analetwa na kupe vilevile na watu humchanganya na erlikia kila siku. Aina inayoitwa Babesia rossi, ya Afrika kusini mwa Sahara, ni kali na huua kwa siku chache.

Kosa linaloua hapa ni kutibu kimoja ukaacha kingine. Doksisaiklini, dawa ya erlikia, haitoshi kwa babesia. Imidokabu, sindano ya babesia, haimwondoi erlikia. Mbwa mmoja aliyejaa kupe anaweza kubeba vyote viwili, na ndiyo maana tone la damu kwenye hadubini lina thamani kuliko uzoefu wa mtu yeyote wa kutazama kwa macho.

Usikubali achomwe diminazini iliyobaki kwenye chupa ya ng'ombe kwa makadirio ya macho. Kwa mbwa, nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ubongo ni nyembamba sana. Lazima apimwe uzito kwanza. Na ndigana ya ng'ombe ni ugonjwa mwingine kabisa: hauhami kwenda kwa mbwa, wala dawa yake si lazima imfae.

Damu puani, madoa tumboni, kinyesi cheusi

Mbwa anayetoka muhina, yaani damu puani, bila kugongwa wala kupigana ana sababu chache kubwa. Erlikia ni mojawapo, iwe ya mwanzo au sugu. Katika erlikia sugu uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umechoka, na chembe zote zimeshuka: nyekundu, nyeupe na sahani. Mbwa amekonda, fizi nyeupe, na namba zake hazipandi hata akipewa dawa. Hali hiyo ikifika, daktari mkweli atakwambia mapema kwamba matumaini ni madogo.

Sababu nyingine ni sumu ya panya. Nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa huanza kutoka damu siku kadhaa baada ya kula chambo au panya aliyekufa. Waulize majirani na watoto. Jibu ni muhimu, kwa sababu huyu anahitaji vitamini K1, na kila saa ina maana. Kuumwa na nyoka nako kusisahauliwe, hasa kama uso au mguu umevimba ghafla.

Ukiwa njiani kwenda kwa daktari, mtulize mbwa, weka kitambaa chenye barafu juu ya pua, usimjaze pamba puani. Usimpe diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, hata kama ndiyo uliyo nayo kabatini. Zinaongeza kutoka damu, na mbwa hazivumilii. Mkumbushe pia mtibabu aepuke sindano za kwenye msuli kadiri iwezekanavyo. Mbwa asiye na chembe sahani hujaa damu pale alipochomwa. Kumbuka kwamba kwa erlikia chembe zilizobaki nazo hufanya kazi vibaya, hivyo mbwa anaweza kutoka damu hata kama namba yake haijashuka sana.

Jicho limeingia ukungu

Erlikia huweza kuvimbisha jicho kwa ndani, na wakati mwingine damu hukaa nyuma ya kioo cha jicho. Tripanosoma naye huleta ukungu wa buluu-nyeupe, mara nyingi macho yote mawili, pamoja na homa inayokuja na kuondoka na uso uliovimba. Wengi hununua matone ya macho wakatibu jicho peke yake kwa wiki nzima. Jicho la namna hii ni dirisha la ugonjwa wa damu; pima damu siku hiyohiyo.

Anachechemea mguu huu, kesho ule

Hapa orodha inarefuka na uhakika unapungua. Erlikia na anaplasma, bakteria mwingine wa kupe, wote huweza kuumiza maungio. Anaplasma platys, anayeshambulia chembe sahani zenyewe, ana tabia ya kuzishusha kwa mizunguko ya wiki moja hadi mbili, ndiyo maana kipimo cha Jumatatu huweza kuonyesha shida na cha wiki inayofuata kisionyeshe. Bartonela, bakteria anayehusishwa na viroboto, hushambulia vali za moyo. Mbwa mwenye homa isiyoisha na moyo unaovuma asikilizwe kwa makini. Kumthibitisha bartonela ni kazi ngumu hata kwenye maabara nzuri.

Ukisoma mtandaoni utakutana na ugonjwa wa Lyme kila ukurasa. Kupe wanaoueneza ni wa Ulaya, Marekani na ukanda wa kaskazini kwa jumla. Kwa mbwa wa Mwanza au Machakos ambaye hajawahi kusafiri, usianzie huko.

Mtoto wa mbwa, viroboto tele, fizi nyeupe

Kabla ya kutafuta bakteria wowote, fikiria hesabu ya damu: mtoto wa kilo mbili mwenye mamia ya viroboto ananyonywa hadi kuishiwa. Huyo anahitaji kuondolewa viroboto leo kwa dawa inayofaa umri wake, kupewa joto, na pengine kuongezewa damu. Viroboto hubeba pia bartonela na bakteria wengine waitwao riketsia, na humwachia mbwa minyoo bapa anapowameza akijitafuna. Mbwa aliyewahi kutolewa wengu ana hatari nyingine, mikoplasma wa damu, ambaye kwa kawaida hulala kimya na huamka wengu usipokuwepo.

Kipimo kinasema hiki, mbwa anaonyesha kile

Kipimo cha haraka cha kliniki, kile cha matone machache ya damu na mistari, hutafuta kingamwili. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Kipimo ni hasi na mbwa anaumwa: huenda ni mapema mno. Mwili huhitaji wiki mbili au tatu kutengeneza kingamwili za kutosha. Rudia baada ya wiki mbili, na kama chembe sahani ziko chini usingoje kuanza tiba.

Kipimo ni chanya na mbwa ni mzima: aliwahi kukutana na bakteria. Huenda bado anao, huenda alishawashinda. Picha ya damu ndiyo itakayoamua. Ikiwa chembe sahani ni za kawaida na mbwa ananenepa, madaktari hutofautiana kama atibiwe. Mimi naegemea kupima tena kabla ya kumpa antibiotiki ya mwezi mzima.

Kipimo bado ni chanya baada ya tiba: kingamwili hubaki kwa miezi, hata miaka. Hiyo si ishara kwamba dawa imeshindwa, na si sababu ya kurudia dozi.

Hadubini haikuonyesha kitu: kwa erlikia hiyo ni kawaida, maana vishada vyake ndani ya chembe nyeupe huonekana kwa nadra. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe, ndicho kinachojibu swali la "yupo sasa hivi?", lakini damu ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza. Kwenye vyuo vyenye shule za tiba ya mifugo, kama Sokoine kule Morogoro na kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, daktari wako anaweza kuulizia vipimo ambavyo kliniki ya mtaani haina.

Dozi ya doksisaiklini, na namna ya kuimaliza

Kipimo kinachotumika ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mara moja au kwa kugawa mara mbili, kwa siku 28. Mbwa wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 kwa siku, yaani vidonge viwili vya miligramu 100, jumla vidonge 56. Hesabu hii ifanye ukiwa bado dukani. Daktari ndiye anayethibitisha, lakini ukiandikiwa vidonge kumi kwa mbwa wa kilo 20, uliza kwa adabu: hiyo ni tiba ya siku tano.

Mpe pamoja na chakula, kisha uhakikishe amekunywa maji. Kidonge kikikwama kooni kinachoma. Kikifichwa kwenye kipande cha nyama ni sawa. Kwenye maziwa si vizuri, yanapunguza dawa inayoingia mwilini. Akitapika, gawa dozi asubuhi na jioni kabla ya kufikiria kuacha.

Penisilini na amoksisilini hazimgusi erlikia hata kidogo. Sindano moja ya oksitetrasaiklini huweza kushusha homa, na ndiyo inayowadanganya wengi: mbwa anaamka, mwenyewe anaamini amepona.

Siku ya tatu, hajabadilika

Mbwa wa hatua ya mwanzo huanza kuinuka ndani ya siku moja hadi tatu. Asipoinuka, swali la kwanza ni kama dawa kweli inamezwa. Tafuta vidonge nyuma ya banda. La pili, je, babesia alitafutwa? La tatu, je, uboho umeshachoka? Chembe sahani zipimwe baada ya wiki moja ya tiba. Zinatakiwa ziwe zimeanza kupanda, na kwa wengi hurudi kawaida ndani ya wiki mbili. Zikiwa palepale, rudini mwanzo wa orodha pamoja na daktari badala ya kuongeza dawa juu ya dawa. Zipimwe tena mwezi mmoja baada ya kumaliza vidonge.

Aliyepona akaugua tena baada ya miezi, mara nyingi ameambukizwa upya. Hakuna chanjo ya erlikia, na kuugua mara moja hakumkingi. Hapo tatizo liko nyumbani.

Tibu nyumba

Kupe wa kahawia anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya uzio wako. Jike akishashiba hupanda ukuta na kutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, nyuma ya mbao za banda, kwenye fremu ya mlango. Mayai hayo hayana erlikia; vitoto humpata kwa kunyonya mbwa aliyeambukizwa. Maana yake ni kwamba ukimtibu mbwa na kumkinga, unakata mnyororo wenyewe.

Ziba nyufa kwa saruji, choma au tupa matandiko ya zamani, puliza dawa ya kupe kwenye kuta hadi usawa wa dari, sio sakafuni tu, na urudie kadiri maelekezo yanavyosema. Kwa viroboto, wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo ya jeshi. Mayai, funza na pupa wapo kwenye vumbi na zulia. Fagia, fua kwa maji ya moto, tibu wanyama wote wa nyumba kwa pamoja.

Juu ya mbwa, vidonge vya kundi la fluralana na afoksolana vinafanya kazi nzuri sana, ingawa aliye na kifafa ajadiliwe na daktari kwanza. Lakini vinaua kupe baada ya kuuma, na erlikia huweza kuingia ndani ya saa chache. Penye kupe wengi, ongeza mkanda wa shingo wenye dawa inayowafukuza. Dawa za kuogeshea ng'ombe ziachwe joshoni: baadhi zina sumu inayomwangusha mbwa kwa kutetemeka na kutoka mate, na zenye permetrini au sipametrini huua paka wa nyumba hiyohiyo. Mafuta ya taa yanachoma ngozi, yasitumike kabisa.

Kupe mmojammoja mng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimpasue kwa kucha. Majimaji yake yanaweza kuwa na riketsia wa homa ya kupe ya binadamu, na riketsia wa viroboto naye ameshapatikana kwa wagonjwa wa homa nchini Kenya. Mtumbukize kwenye spiriti, nawa mikono kwa sabuni. Na mtu wa nyumbani akipata homa na kichwa kuuma ndani ya wiki mbili baada ya kushughulika na kupe, hasa akiwa na kidonda chenye kigaga cheusi, amwambie daktari habari za kupe hata kama kipimo cha malaria bado hakijatoka.